Jua Hali ya Kundi Lako: Imani Inavyofundishwa Zizini

Mithali 27:23 inamtaka mfugaji afanye bidii kujua hali ya makundi yake. Siku hizi mstari huu husikika zaidi kwenye semina za ujasiriamali, ukihimiza watu watunze daftari la mauzo. Si vibaya, lakini aliyeuandika alikuwa na wanyama mawazoni, na mwenye kondoo anaelewa upesi kwa nini kazi hiyo inadai bidii. Mbuzi akiumwa hupiga kelele hadi jirani ajue. Kondoo huinamisha kichwa pamoja na wenzake, hutembea na wenzake, hurudi zizini na wenzake, kisha asubuhi unamkuta miguu imekakamaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kondoo ni bingwa wa kuficha. Ni mnyama anayewindwa: anayeonyesha unyonge ndiye anayechaguliwa na fisi, kwa hiyo maumbile yamemfundisha kuvumilia kimyakimya.

Ndiyo maana nadhani mahubiri mengi kuhusu mchungaji mwema yanakosa kiini chake. Tunaelezwa upole wa mchungaji, fimbo yake, majani mabichi na maji ya utulivu. Ni nadra kuelezwa kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kukagua: kushika, kufunua, kunusa na kupapasa mnyama mmojammoja wakati kundi zima linaonekana salama.

Chukua minyoo. Katika nchi zetu zenye joto na mvua, muuaji mkubwa wa kondoo ni mnyoo aitwaye Haemonchus contortus, anayeishi katika tumbo la nne. Jike lake lina urefu wa sentimita 2 hadi 3 na mistari myekundu na myeupe iliyojisokota, kwa sababu utumbo wake uliojaa damu umezungukwa na mirija myeupe ya mayai. Mnyoo mmoja hupoteza damu ya kondoo kiasi cha mililita 0.05 kwa siku, tone moja tu. Wakifika 5,000, hiyo ni mililita 250, robo lita ya damu kila siku. Na jike mmoja anaweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku.

Tatizo ni kwamba mnyoo huyu kwa kawaida hasababishi kuhara. Kinyesi kinabaki kigumu na cha kawaida, manyoya yanaweza kuwa mazuri, hata nyama mgongoni bado ipo. Mfugaji anayesubiri kuona mharo ndipo anunue dawa atazika wengi. Dalili inayokuja baadaye ni uvimbe laini chini ya taya, ambao ni maji yaliyokusanyika kwa sababu protini ya damu imepungua. Ukiuona uvimbe huo, umeshachelewa sana.

Dawa ya tatizo hili huanza na kope, kwa sababu damu ikipungua utando wake wa ndani hupauka. Afrika Kusini ndiko kulikobuniwa kadi ya FAMACHA, iliyopewa jina kutokana na daktari wa mifugo Faffa Malan. Kadi ina rangi tano, kutoka nyekundu iliyokolea, namba 1, hadi nyeupe kabisa, namba 5. Msimamishe kondoo kwenye mwanga wa jua, si chini ya bati wala kivulini. Funika jicho kwa kope la juu, bonyeza mboni taratibu kwa kidole gumba, kisha vuta kope la chini. Utando wa ndani utajitokeza wenyewe. Linganisha na kadi haraka, kwa sababu ukiuweka wazi muda mrefu utazidi kuwa mwekundu na kukudanganya. Tazama macho yote mawili na uchukue namba iliyo mbaya zaidi. Wenye 4 na 5 wapewe dawa siku hiyohiyo. Mwenye 3 apewe kama ni mtoto, ana mimba au ananyonyesha. Wenye 1 na 2 waachwe. Msimu wa mvua rudia kila baada ya wiki mbili, kwa maana kuanzia siku kondoo alipomeza kiluwiluwi, yaani mnyoo mchanga, hadi mnyoo kukomaa na kutaga ni kama wiki tatu.

Makanisani tumezoea kupima kundi kwa mahudhurio. Kwaya imejaa, sadaka imeongezeka, jumuiya zinakutana, basi kundi lina afya. Hicho ni kipimo cha kinyesi. Yule anayepungukiwa damu ya imani yake polepole huendelea kuja ibadani, huendelea kuimba sauti ya pili bila kukosea, na siku anapoacha kila mtu hushangaa: "Jamani, mbona alikuwa mzima?" Ezekieli 34 haiwalaumu wachungaji wa Israeli kwa kupunguza idadi ya kondoo peke yake. Inawalaumu kwa kutowatia nguvu wagonjwa, kutowafunga waliovunjika, kutowatafuta waliopotea, na kutawala kwa ukali badala yake. Kila kosa katika orodha hiyo ni la mtu asiyemkaribia kondoo mmoja kiasi cha kujua ana nini. Kope halionekani ukiwa madhabahuni.

Kuna jambo jingine ndani ya kadi hiyo. Zamani ushauri ulikuwa kulinywesha dawa zizi zima kila baada ya miezi kadhaa, awe mgonjwa au mzima. Matokeo yake ni minyoo sugu: dawa iliwaua minyoo dhaifu, wakabaki wale isiowadhuru, wakazaana bila mpinzani. Usugu huo huongezwa na dozi pungufu. Kama lebo inasema mililita 2 kwa kila kilo 10, kondoo wa kilo 40 anahitaji mililita 8. Ukimkadiria kwa macho kuwa ana kilo 28, utampa chini ya 6, kiasi cha kuwasumbua minyoo bila kuwaua. Pima kwa mizani. Kama huna, tumia utepe wa kuzungushia kifua. Bomba lipitie pembeni mwa mdomo hadi nyuma ya ulimi, kichwa kisiinuliwe juu kupita usawa wa mgongo, maana dawa ikiingia mapafuni utakuwa umemuua mwenyewe.

Paulo aliwaandikia Wathesalonike ushauri ambao daktari wa mifugo yeyote angeutia sahihi: "Waonyeni wale wasiokaa kwa utaratibu, watieni moyo walio dhaifu, watieni nguvu wanyonge, vumilieni na watu wote." Hali tatu, tiba tatu. Onyo lisilomhusu mtu, analolisikia kila Jumapili, humzoesha kutosikia. Siku litakapomhusu kweli litakuwa limepoteza makali. Na onyo la nusu, linalogusa kosa kwa mbali bila kulitaja kwa sababu mhusika ni mfadhili wa ujenzi, ni ile dozi ya mililita 6. (Mfano una mipaka yake, nakiri: wataalamu hutaka minyoo michache isiyo sugu ibaki malishoni ili kupunguza nguvu ya wale sugu. Asije mtu akanukuu hilo kutetea dhambi ndogondogo.)

Malisho yenyewe hayahitaji maneno mengi. Viluwiluwi vya minyoo hupanda majani kwenye unyevu na wengi hukaa katika sentimita chache za chini. Kwa hiyo usiwafungue kondoo kabla umande haujakauka, na wahamishe kabla nyasi hazijalika hadi kwenye udongo. Mbuzi akila vichaka juu huepuka mengi ya haya. Kondoo wekundu wa Kimaasai wanahimili minyoo hii vizuri kuliko wale wa aina ya Dorper, ijapokuwa sokoni kila mtu anamtaka Dorper kwa sababu ya mwili wake. Zaburi inaposema "katika malisho ya majani mabichi hunilaza", tazama kitendo cha mwisho. Kondoo mwenye njaa, hofu au nzi puani halali. Akishiba na kutulia hulala na kucheua, kwa saa nane hivi kwa siku zikijumlishwa, na kondoo asiyecheua ni wa kupimwa joto mara moja: kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5, au juu kidogo jua likiwa kali. Kanisa linalohama kutoka mkutano hadi mkesha, kutoka mkesha hadi semina, linawalisha watu bila kuwapa nafasi ya kucheua.

Chumvi inastahili muda zaidi, kwa sababu hapa ndipo wafugaji wengi wenye nia njema huua.

Kondoo wanahitaji madini, na duka la dawa za mifugo lina mifuko na mawe ya kulamba ya kila aina. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili na kondoo kumi hununua mfuko mmoja wa madini ya ng'ombe na kuwawekea wote. Ng'ombe wananawiri. Kondoo nao wanaulamba kwa furaha, kwa maana hawana namna ya kujua. Lakini madini ya ng'ombe huwekwa shaba ya kutosha ng'ombe, na ini la kondoo ni hodari wa kuhifadhi shaba na zembe katika kuitoa. Inajikusanya kwa wiki, kwa miezi, na kwa muda wote huo hakuna dalili. Kisha linatokea jambo la kumshtua: safari ndefu kwenye lori, mvua ya baridi, kufukuzwa na mbwa, kuzaa. Ini linaiachia shaba kwenye damu kwa mkupuo na seli nyekundu zinapasuka. Macho na fizi vinakuwa vya njano, mkojo unakuwa wa kahawia nyekundu, na ndani ya siku chache amekufa. Mwenye kundi atailaumu ile mvua. Chakula cha ng'ombe wa maziwa kinaweza kuleta maafa hayohayo, na vilevile mbolea ya kuku inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Kinga ni kusoma lebo na kununua madini yaliyoandikwa kuwa ni ya kondoo. Usikimbilie upande wa pili na kuwanyima shaba kabisa, kwa sababu jike asiyeipata wakati wa mimba anaweza kuzaa mtoto anayeyumba miguu ya nyuma asiweze kusimama.

Sijui mfano mzuri kuliko huu wa mafundisho potofu. Tunatarajia sumu iwe chungu na imdhuru mtu siku hiyohiyo. Isipomdhuru, tunahitimisha kwamba haikuwa sumu. Injili inayomwahidi kila muumini gari na nyumba kama malipo ya sadaka ni tamu kulamba, na kwa miaka msikilizaji anaweza kuonekana mchangamfu kuliko waumini wa kanisa la jirani. Kisha anakuja na majibu ya hospitali, au anafukuzwa kazi, au anamzika mtoto. Siku hiyo yote aliyoyakusanya yanamwagika kwa pamoja: Mungu amenidanganya, au mimi ndiye niliyekosa imani. Watu watasema msiba ndio ulioiua imani yake. Msiba ulikuwa mvua tu.

Mguuni kuna somo linalotaka uangalifu, hasa kwa wazee wa kanisa wanaoshughulikia nidhamu. Kuoza kwato huletwa na bakteria wasioweza kuishi penye hewa, wanaojificha kati ya ukucha na nyama. Utamjua mgonjwa kwa kuchechemea, kwa kula akiwa amepiga magoti ya mbele, na kwa harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Nje ya mguu wa kondoo bakteria hawa hawadumu. Malisho yakipumzishwa wiki mbili huwa salama kwa kiasi kikubwa. Ndani ya ufa wa kwato wanaweza kukaa muda mrefu, mnyama akionekana amepona, hadi masika yarudi.

Kwa miongo mingi ushauri ulikuwa mmoja: chukua kisu, kata kwato yote iliyooza hadi hewa ifike, hata damu ikitoka. Siku hizi madaktari wa mifugo wanafundisha kinyume chake. Kukata sana mguu unaouma huchelewesha kupona, huacha makovu yanayoota vibaya, na kisu kisichosafishwa hupeleka ugonjwa kwa kondoo wa pili. Sasa hushauriwa kusafisha tope, kupulizia dawa ya kuua vijidudu, kumpa mgonjwa sindano ya antibiotiki kwa kipimo cha daktari, na kumtenga. Kama kuna kipande cha ukucha kinachoning'inia, kitasubiri mguu upone. Kundi zima lipitishwe kwenye beseni la zinki salfeti, kilo 1 kwa maji lita 10, kimo cha sentimita 5 au 6. Wasimame humo, wasipite mbio, na wakitoka wakae kwenye sakafu kavu hadi miguu ikauke. Ukiwarudisha moja kwa moja kwenye tope umemwaga dawa bure. Tahadhari na salfeti ya shaba, mrututu: kondoo wenye kiu watainywa, nasi tumeshaona shaba inavyowafanya.

Waraka wa Yakobo unatuambia tuungamiane dhambi na kuombeana ili tupate kuponywa, na kweli, kuna uozo unaotegemea kufichwa. Hewa inahitajika. Lakini kupata hewa si sawa na kuchongwa hadi damu mbele ya kundi. Kumsimamisha binti mjamzito mbele ya usharika mzima, huku aliyempa mimba amekaa benchi la tatu, ni kisu cha zamani. Kidonda kitafunga juu na kuendelea kuoza chini, au kondoo atahama zizi. Kuhusu Mtumishi wa Bwana, Isaya anasema mwanzi uliopondeka hatauvunja. Huko ni kujua kiasi gani cha nguvu kiungo kilichoumia kinaweza kustahimili.

Hata yule wa Luka 15 aliyebebwa mabegani alibebwa kwa sababu za kiufundi. Kondoo aliyepotea na kuchoka mara nyingi hulala chini na kukataa kutembea. Ukimvuta kwa kamba utamkaba. Anawekwa tumbo likigusa kisogo, miguu miwili kila upande wa shingo, ishikwe mbele ya kifua. Jike mkubwa ana kilo 35 au zaidi, na anaweza kukukojolea. Yesu anasema huyo mchungaji alimweka mabegani akifurahi.

Tufike kwenye uzazi, ambako kundi hukua au huisha. Mwana-kondoo huzaliwa bila kinga ya magonjwa. Kondo la nyuma la kondoo halipitishi kingamwili za mama kwenda kwa mtoto. Zote zimo kwenye dang'a, maziwa ya kwanza. Na utumbo wa mtoto una uwezo wa kuzipokea kwa muda mfupi tu: uwezo huo hushuka saa baada ya saa, na baada ya saa 24 mlango umefungwa. Kwa hiyo hesabu ni hii: mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa mbili za mwanzo, na jumla ya mililita 200 kwa kilo kabla siku haijaisha. Mtoto wa kilo 3.5 anahitaji kama mililita 175 kwanza, na 700 kwa siku nzima. Kamua kila chuchu ya mama mara moja au mbili ili kuondoa kizibo cha nta, na chovya kitovu kwenye iodini. Dang'a iliyogandishwa iyeyushwe ndani ya maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha itaganda na kingamwili zitaharibika. Mtoto aliyepoa, asiyeweza kunyanyua kichwa, usimmiminie maziwa mdomoni, yataingia mapafuni. Hapo anahitajika mtu anayejua kutumia mrija, na joto.

Tunapozungumzia neema tunapenda kusema ni ya bure, na ni kweli. Mtoto hakuifanyia kazi dang'a. Tunachosahau ni kwamba mtu mzima alikesha ili ifike kwa wakati. Aliyebatizwa juzi akiachwa mwezi mzima bila mtu wa kumfundisha kuomba, kanisa halijamnyima neema, limemnyima mkono wa kumwelekeza chuchuni.

Kisha kuna yatima. Jike hutambua mtoto wake kwa harufu anayojifunza akimlamba, saa moja au mbili za kwanza. Baada ya hapo mtoto mwingine yeyote akisogea atapigwa kichwa, hata kama jike huyo amefiwa na kiwele chake kinapasuka kwa maziwa. Dawa ya kale ni ngozi. Mtoto aliyekufa (kwa ajali au kuzaliwa kugumu, si kwa ugonjwa wa kuambukiza) huchunwa mzima kama koti: kata kuzunguka shingo, kata miguu juu ya magoti, vuta, na mkia ubaki kwenye ngozi, kwa sababu jike hunusa hapo kwanza mtoto anaponyonya. Yatima huvishwa koti hilo, miguu minne ikipita kwenye matundu manne. Vaa glavu, jike asije akanusa mikono yako. Jike ananusa, anaguna ile sauti ya chini ambayo kondoo huitoa kwa mtoto wake tu, na anasimama anyonywe.

Wagalatia 3:27 inasema waliobatizwa wamemvaa Kristo. Yakobo alivaa ngozi za mbuzi ili amdanganye baba yake kipofu. Huku anayevisha ni mwenye kundi mwenyewe, kwa macho yake, anajua kabisa ni yupi amekufa na ni yupi amepewa nafasi yake. Baada ya siku mbili au tatu koti linaanza kuoza na huvuliwa kidogokidogo. Wakati huo maziwa ya mama yule yameshapita mwilini mwa mtoto, na harufu yake imebadilika ikawa ya nyumba ile. Anakubaliwa bila koti.

Mara nyingine jike hukataa kabisa. Unaweza kumfunga kichwa kwenye fremu ya mbao kwa siku tatu hadi tano, ale na kunywa lakini asiweze kugeuka kumpiga mtoto. Ikishindikana hiyo, inabaki chupa: mara nne au tano kwa siku katika wiki ya kwanza, jumla ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Na hapa kuna kosa la upendo. Mtoto wa chupa akilelewa jikoni na watoto wa nyumbani hukua akimfuata mtu badala ya kundi. Ukimpeleka malishoni hurudi nyumbani kulia mlangoni. Wachungaji wa makanisa wanawafahamu waumini wa namna hii, wanaompigia simu Mchungaji kwa kila jambo na wasiojua jina la jirani yao wa benchi. Mara nyingi wamelelewa hivyo na mchungaji aliyependa kuhitajika. Mwana-kondoo wa chupa alazwe zizini na wenzake tangu siku ya kwanza. Anayebeba chupa ndiye atembee kumfuata humo, hata usiku.